Ikulu za Watemi katika Usukuma ya Mashariki: Nyumba na Neno

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma, afikapo Lamadi, hukuta njia panda. Akishika njia ya mbele hufika upesi penye lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti, na wageni wengi hushika njia hiyo kwa kuwa shabaha yao ni kutazama wanyama. Akiiacha njia kuu huingia katika nchi ya Bariadi, mji ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Waendao huko aghalabu wana shughuli za pamba, za ng'ombe, au za ofisi. Ni nadra kusikia kwamba mtu amekwenda Bariadi kutazama majumba ya watawala wa zamani. Na kama angetokea mtu wa namna hiyo, huenda angeambiwa kwa adabu kwamba amepotea njia.

Walakini nchi hiyo ilikuwa na watawala, na watawala hao walikuwa na majumba. Ntuzu, Dutwa, Itilima, Kanadi, Mwagala na Kimali zilikuwa nchi za watemi, kila moja na mtemi wake, ngoma zake na ikulu yake. Waingereza walizikusanya katika Wilaya ya Maswa ndani ya Jimbo la Ziwa, lakini hawakuyafuta majina yake. Itilima leo ni wilaya. Mengine yamebaki majina ya tarafa na kata, na watu wa Bariadi mpaka sasa huitwa Wanyantuzu, yaani watu wa Ntuzu. Majina ya nchi yako, na watu wako. Kinachokosekana machoni pa mgeni ni zile ikulu zenyewe, na makala hii yakusudia kueleza kwa nini hazionekani, na kwa njia gani mtu aweza kuzizuru hata hivyo.

Desturi ya kuzuru majumba ya kale imetoka katika nchi za mawe. Katika mji wa Ouro Preto nchini Brazil, uliokua kwa dhahabu katika karne ya 18, jumba la magavana wa Kireno lingali limesimama juu ya uwanja. Magavana wamekwisha ondoka, na ndani yake Chuo cha Migodi kimeweka makumbusho ya madini. Jengo limebaki, na kazi yake imebadilika. Pwani ya Afrika ya Mashariki haikosi mifano ya jinsi hiyo. Kilwa Kisiwani kuna Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Neville Chittick alilichimbua katika miaka ya 1960, na vyumba, nyua na birika lake vyaweza kufuatwa kwa miguu. Unguja, Sayyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Jumba hilo lilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, lakini sehemu yake kubwa ilianguka mwezi wa Desemba 2020 katikati ya kazi ya kulitengeneza. Hata hivyo, jiwe likianguka huacha kifusi, na kifusi hupimwa. Nyumba ya fito, udongo na nyasi haiachi hivyo. Ikiachwa miaka michache mchwa na mvua huimaliza, na baada ya kizazi kimoja mlimaji hupitisha jembe mahali palipokuwa mlango.

Kwa sababu hiyo mahali pa kuanzia ni neno. Neno ikulu ni la Kisukuma na Kinyamwezi, lugha mbili zilizo karibu mno hata wataalamu wengine huzihesabu kuwa matawi ya lugha moja. Mzizi wake ni -kulu, wenye maana ya ukubwa wa umri na wa cheo, na ndugu yake katika Kiswahili ni -kuu. Kiswahili kiliiangusha l iliyokuwa katikati ya irabu katika maneno mengi ambayo lugha za bara zimeyahifadhi kwa ukamilifu: Msukuma husema nzala na Mswahili husema njaa, Msukuma husema kugulu na Mswahili husema mguu. Kwa kanuni hiyo hiyo -kulu imekuwa -kuu.

Kiambishi i- nacho si kigeni. Kwa sura yake ni kile kile kionekanacho katika igembe, ambalo Kiswahili hulitamka jembe, na katika iwe, ambalo Kiswahili hulitamka jiwe, na katika itongo, ambalo Kiswahili hulitamka tongo, wingi wake matongo, yaani mahame. Basi kama Kiswahili kingalirithi neno hili kutoka kwa mababu zake, kama kilivyorithi jembe na tongo, leo lingalitamkwa kuu au jikuu. Umbo makuu, ambalo lingalikuwa wingi wake, limo katika Kiswahili, lakini limeshika maana nyingine: mtu asemwapo kwamba anapenda makuu, hakuna amdhaniaye kuwa anapenda nyumba za watemi. Kwa hiyo l iliyo katika ikulu ni ushahidi wa safari. Yaonyesha kwamba neno lilichukuliwa kutoka bara likiwa limekwisha kukamilika, na kwamba lilichukuliwa baada ya kanuni ya kuangusha l kukoma kufanya kazi.

Lilipofika katika Kiswahili lilibadilika tabia. Kiambishi i- kilipoteza kazi yake kikashikamana na mzizi, na neno likahesabiwa katika ngeli moja na nyumba: ikulu hii, ikulu hizi. Tena halikubali kiishio -ni. Husemwa kwamba fulani ameitwa Ikulu; hakuna asemaye kwamba ameitwa ikuluni. Neno hujichukulia kama jina la mahali, nalo katika hilo limebaki na tabia ya kwao, maana Msukuma husema kwikulu akiwa na maana ya huko iliko ikulu, na mara nyingi neno husikika likiwa na kiambishi hicho cha mahali.

Kiambishi hicho kimewahi kuwapoteza watu wenye akili zao. Wazungu waliopita Unyamwezi katika karne ya 19, wakiuliza jina la mji wa mtawala, walijibiwa Kwikulu, wakaandika Kwikuru katika vitabu na ramani zao kana kwamba ni jina la mji kama Tabora au Ujiji. Aliyejibu hakutaja jina. Alieleza tu kwamba huko ndiko kwa mkubwa. Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliyepigana na Wajerumani mpaka ngome yake ilipovunjwa mwezi wa Januari 1893, hutajwa katika vitabu kuwa alikuwa akikaa Kwikuru. Na kila mtemi mwingine katika nchi hizo alikuwa na Kwikulu yake. Msomaji wa ramani za wakati huo asiyejua jambo hili huweza kutafuta mji mmoja mahali palipokuwa na makao mengi, na kushangaa kwa nini mji huo hausimami mahali pamoja.

Kwa kweli haukusimama, na hapa ndipo ilipo tofauti kubwa baina ya ikulu na kasri. Ikulu ilifuata mtu. Mtemi alipokufa, kifo chake kilifichwa mpaka wenye haki ya kuchagua walipokwisha kumpata wa kumfuata, naye aliyesimikwa mara nyingi alijenga ikulu mpya mahali pengine. Ile ya zamani iliachwa ikawa itongo. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika Serikali ya Tanganyika, na aliyetoa kitabu chake juu ya mtemi wa Kisukuma mwaka 1951, alieleza taratibu za mazishi na za kusimika kwa urefu. Na maandishi aliyoyaacha yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Asomaye habari hizo huona kwamba nyumba yenyewe haikuhesabiwa kuwa kitu cha kudumu. Vilivyodumu ni vitu vilivyohamishwa, na kwanza katika hivyo ni ngoma.

Ikulu haikuwa nyumba moja. Ilikuwa kaya kubwa iliyozungushiwa boma la miti au ua wa minyaa, mti ule wa utomvu mweupe ambao watu wengine wa bara huuita mnyara, na ndani ya ua zilikuwamo nyumba nyingi za msonge: ya mtemi, za wake zake, ya ngoma, na maghala ya nafaka. Miongoni mwa wake alikuwapo ngole, aliyesimikwa pamoja na mtemi na aliyekuwa na heshima yake mbali na wengine. Mashauri yalisikilizwa hapo. Waliokuwa na neno kubwa katika kumchagua mtemi na kumwonya waliitwa banang'oma, yaani wana wa ngoma, na wengi wao walikuwa wana wa watemi waliotangulia. Kwa kuwa zamani utemi ulifuata upande wa mama, mwana wa mtemi hakurithi kiti cha baba yake, akapewa badala yake kazi ya kumchunga atakayekikalia. Mpango huo una busara yake. Utawala wa kikoloni ulipoelekeza urithi upande wa baba, kama Wazungu walivyozoea kwao, banang'oma walipoteza sababu iliyowafanya wawe walinzi wazuri.

Ghala lastahili kutajwa zaidi kidogo, kwa maana nchi ya Simiyu ni nchi ya mvua haba. Watu walimlimia mtemi shamba, na nafaka ya shamba hilo iliwekwa ikulu. Mwaka wa njaa ilifunguliwa. Mtemi ndiye aliyetazamiwa kuleta mvua kwa dawa na kwa waganga wake. Mbegu zilitiwa dawa ikulu kabla ya kupandwa. Na mvua ilipokawia mwaka baada ya mwaka, watu walimwondoa. Moto pia ulikuwa na makao hapo. Mtemi mpya aliposimikwa ulipekechwa moto mpya, na watu wakachukua kutoka kwake moto wa kuwashia mafiga yao. Kwa hiyo ikulu ilikuwa mahakama, ghala, na jiko la nchi nzima, na mtu wa kawaida alikuwa na sababu nyingi za kufika huko katika maisha yake. Kuizuru hakukuwa jambo la mgeni.

Jina la mtawala mwenyewe limefungamana na shughuli hizo. Ntemi, ambaye Kiswahili humwita mtemi, hutokana na kitenzi kutema, ambacho Waswahili nao wanacho kwa maana ya kukata kwa panga. Wako wasemao kwamba mtemi ni yule aliyekata msitu kwanza na kuifungua nchi. Wako wasemao kwamba ni yule akataye mashauri. Maelezo yote mawili yana wafuasi wenye elimu, na hakuna ulazima wa kuchagua moja, kwa kuwa Kiswahili chenyewe hukata mti na hukata shauri kwa kitenzi kimoja bila kuona taabu. Kutoka katika kitenzi hicho Kisukuma kina neno jingine, itemelo, lenye maana ya mahali pa kutawalia. Limeundwa kama Kiswahili kiundavyo kimbilio kutoka kukimbilia na egemeo kutoka kuegemea. Neno hili halikusafiri. Limebaki kwao, na yafaa liandikwe pamoja na ikulu, kwa sababu moja lasema juu ya cheo cha akaaye na la pili lasema juu ya kazi ifanywayo hapo.

Kitu kimoja katika mapambo ya mtemi chaonyesha kwamba njia ya pwani na bara ilikuwa na mwendo wa pande mbili. Ni bamba la mviringo lililochongwa katika gamba la konokono wa baharini, ambalo watawala wa nchi hizi walilivaa kuwa alama ya enzi. Bahari ya Hindi iko mbali na Ntuzu kwa mwendo wa majuma mengi kwa miguu. Gamba lilipanda na misafara likawa alama ya utawala huko juu. Baada ya muda mrefu neno la utawala likateremka kwa njia hiyo hiyo likawa jina la jumba lililo ufukoni mwa bahari.

Jumba hilo ni la Dar es Salaam. Wajerumani walilijenga kuwa nyumba ya gavana wao. Manowari za Kiingereza ziliupiga mji mizinga mwaka 1914, na jumba likaharibika. Waingereza wakalijenga upya mwaka 1922 kwa michoro ya J. H. Sinclair, ambaye alikuwa amefanya kazi kubwa Unguja, na ndiyo maana matao yake yana sura ya Kiarabu kuliko ya Kiingereza. Mwalimu Julius Nyerere aliingia humo akiwa Rais tarehe 9 Desemba 1962, na jumba la magavana likashika jina la Ikulu. Haifai kusahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa mwana wa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki, na kwamba alisoma na baadaye kufundisha Tabora, katikati ya Unyamwezi, mahali ambapo neno hilo lilikuwa la kila siku. Mwaka uliofuata, 1963, Serikali yake ilifuta sheria iliyowapa watemi madaraka. Katika muda wa miezi michache, basi, neno lilipanda cheo na wenyewe wakashushwa.

Kiswahili kilikuwa na maneno mengine ya kutosha kwa jumba kama hilo. Kilikuwa na kasri kutoka Kiarabu. Kilikuwa na husuni, nalo la Kiarabu, ambalo lilikwisha shikamana na magofu ya Kilwa. Kilikuwa na jumba, ambalo ni nyumba iliyokuzwa tu. Huenda kasri lilinuka usultani mno kwa jamhuri changa, na jumba lilikuwa jina la kila mwenye mali. Ikulu lilikuwa la Kibantu, la bara, na halikumaanisha kuta. Kwa vyovyote lilistawi kupita lilivyotazamiwa. Limevuka mpaka likawa jina la nyumba ya Rais huko Nairobi, na watangazaji wa Kiswahili hulitumia kwa makao ya marais wa nchi yoyote, wakisema Ikulu ya Marekani. Lakini makao ya wafalme wa Uingereza huyaita Kasri la Buckingham. Hivyo neno lililozaliwa katika nyumba ya mtawala wa kurithi limekuwa la mtawala wa kuchaguliwa, na kasri limeachiwa wafalme. Mikoani kuna nyumba za kupokelea Rais ziitwazo Ikulu ndogo, usemi ambao Mnyantuzu mzee aweza kuuchekea, maana ukirudishwa katika mizizi yake wasema ukubwa mdogo. Na tarehe 20 Mei 2023 Ikulu mpya ilifunguliwa Chamwino, Dodoma, baada ya mji mkuu kuamuliwa kuhama tangu mwaka 1973. Watemi wasingaliona ajabu katika kuhama huko.

Kabla ya mwaka 1963, hata hivyo, ikulu za watemi wenyewe zilikuwa zimekwisha geuka. Kwa sheria ya mwaka 1926 Waingereza waliwafanya watemi kuwa sehemu ya serikali, wenye mishahara, makarani, mahakama na hazina. Mtemi mwenye karani na hazina hawezi kuhamahama. Ikulu za wakati huo zikaanza kujengwa kwa matofali na mabati, zikatulia mahali pamoja kando ya barabara, na nyumba ya baraza ikawa kubwa kuliko nyumba ya ngoma. Baada ya Vita Kuu ya Pili watemi wa Usukuma waliunganishwa katika baraza moja lililokutana Malya, na huko hakukuwa ikulu ya mtu yeyote. Majengo ya jinsi hii ndiyo ambayo mgeni wa leo aweza kuonyeshwa akiuliza habari za mtemi, na baadhi yake yalichukuliwa baada ya mwaka 1963 yakafanywa mahakama au ofisi. Yana thamani yake. Lakini atakayeyatazama na kudhani kwamba ameona ikulu ya kale atakuwa ameona mwisho wake tu, miaka 40 hivi katika historia ya vizazi vingi.

Mahali palipotengenezwa kwa ajili ya wageni ni Bujora, karibu na Kisesa, nje ya mji wa Mwanza. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, alianza kukusanya vitu vya Wasukuma huko katika miaka ya 1950, na makumbusho yaliyotokana na juhudi hiyo yana banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, ambamo zimo ngoma na vyombo vya enzi. Yafaa kuyaona kabla ya kwenda Simiyu. Hata hivyo vitu vilivyo Bujora vimetengwa na mahali pake, na umbo la jengo ni la mbunifu; hakuna mtemi aliyewahi kukaa ndani ya kiti.

Mfano wa kufikiriwa zaidi uko Uganda. Nyumba kubwa ya Kasubi, karibu na Kampala, ilijengwa mwaka 1882 kuwa jumba la Kabaka Mutesa wa Kwanza, ikawa kaburi lake alipokufa mwaka 1884, na watatu waliomfuata wakazikwa humo. Ilikuwa ya miti, matete na nyasi, nayo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Tarehe 16 Machi 2010 iliteketea. Nyumba ya mawe ingalikwisha kuwa gofu. Kasubi ilijengwa tena, na mwaka 2023 ikatolewa katika orodha ya mahali palipo hatarini. Iliwezekana kwa kuwa ukoo wa Ngeye, wenye kazi ya kuezeka nyumba za Kabaka, ulikuwa bado unajua kazi yake, na kila sehemu ya nyumba ilikuwa na jina lililojulikana na watu waliopasika kuishughulikia. Urithi ulikuwa katika mikono na katika maneno, na nyasi zilikuwa nyasi tu.

Katika Simiyu maneno hayo yako katika hatari ambayo nyasi zilikuwamo. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1963, aliyewahi kuingia ikulu ya mtemi akiwa mtu mzima na kuona nani aliketi wapi, sasa amepita miaka 80. Sheria haimsaidii mtafiti. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863; ya baadaye hungoja kutangazwa na Waziri. Mpaka huo wa miaka uliwafaa Kilwa na miji ya mawe. Hakuna ikulu ya udongo iwezayo kusimama tangu mwaka 1863, na kama ingalisimama isingalikuwa ikulu, kwa kuwa mtemi wake alikwisha kufa na mrithi alikwisha kuhama.

Itongo, lakini, laweza kupatikana. Minyaa iliyopandwa kuwa ua huendelea kuota baada ya wenyewe kuondoka, ikawa miti mirefu isiyo na safu inayoeleweka mpaka mtu aizunguke yote. Mawe ya mafiga na ya kusagia hubaki. Makaburi yana watu wayajuao, na si kila kaburi yafaa kuulizwa mbele ya watu. Mtafiti atakayekwenda Dutwa au Itilima akiwa na kalamu na subira ataonyeshwa mahali kama hapo, naye atakuwa na kazi ya kuuliza kwa namna ifaayo, ambayo si nyepesi kama idhaniwavyo.

Taabu ya kwanza ni neno lenyewe. Kijana wa Bariadi akiulizwa ikulu iko wapi, atajibu Chamwino au Dar es Salaam, na atakuwa amejibu sawa. Kufaulu kwa neno katika taifa zima kumelifunika lilikotoka. Hivyo ni afadhali kuuliza mtemi fulani alikuwa akikaa wapi, alihamia wapi baada ya kusimikwa, na ngoma zililala katika nyumba ipi. Taabu ya pili ni heshima ya mzee kwa mgeni. Mzee mwenye adabu, akiona kwamba aulizaye ni mtu wa Kiswahili, humpa maneno ya Kiswahili: kiti cha enzi, jumba la kifalme, malkia. Maneno hayo yametoka katika Biblia na vitabu vya shule, na mwenye kuyaandika atarudi na majina ya vitu vya Daudi na Sulemani badala ya vitu vya Ntuzu. Itamlazimu aombe Kisukuma, tena Kisukuma cha mashariki, maana lahaja ya huko ina maneno yake na matamshi yake mbali na yale ya Mwanza ambayo ndiyo yaliyoandikwa zaidi.

Na katika kuuliza, vitu vidogo vyastahili kutangulia. Habari za vita na nasaba za watemi zimekwisha andikwa na wengi, na wazee huzisimulia bila kuombwa. Jina la mlango ambao mleta kesi aliingilia, jina la nguzo iliyoegemewa na ngoma, jina la mtu aliyefungua ghala na la kipimo alichopimia nafaka mwaka wa njaa, hayo hayamo katika nasaba, na huulizwa vizuri zaidi kwa wanawake waliokulia ndani ya ua wa ikulu kuliko kwa wanaume waliofika barazani kwa mashauri.